Pipa la Stoo

Shoga yangu ni mkunga wa zahanati, na si mtu wa kutia chumvi. Haya yalimkuta yeye mwenyewe.

Mvua ilikuwa ya siku ya tatu na umeme umekatika. Mdogo wake alikuwa amejifungulia palepale zahanati, mtoto njiti wa mimba ya miezi saba, wakamlaza karibu na jiko la mafuta ya taa asipoteze joto. Jioni moto ukaanza kufifia na utambi kunuka.

"Dada, anakuwa baridi!" mzazi akalia. "Fanya kitu!"

Mkunga akachukua kopo na mpira wa kuvutia mafuta, akakimbilia stoo. Giza totoro. Akaligonga pipa la mafuta juu, likalia tupu. Akagonga katikati, tupu. Akagonga chini, tupu vilevile. Akaegemeza uso kwenye bati, akalia kwa kwikwi.

Ndipo pipa likagongwa kutoka ndani. Polepole, mara tatu, karibu na sakafu.

Alitaka kukimbia, lakini alimfikiria mtoto. Akasukuma mpira hadi chini, akavuta kwa mdomo. Mafuta yakaja, kopo likajaa pomoni.

Mtoto alipona, leo anatambaa.

Wiki iliyofuata fundi bati alilipasua pipa lile atengeneze majiko. Alimwita mkunga, akamwonyesha. Mdomo wa pipa haupitishi hata ngumi. Ndani, chini kabisa, kutu ilikuwa imekwanguliwa kwa vidole vitano vyembamba, na mikwaruzo bado ilikuwa mibichi.