Kilio cha Chumba cha Juu

Kila akitoka shule, Kipaza alikuwa na kazi moja: kufagia nywele. Mama yake alikuwa msusi, na saluni yao ilikuwa chumba cha chini, cha mbele, kwenye jengo la ghorofa moja lililopauka mpaka hakuna aliyekumbuka lilipakwa rangi gani. Wao wenyewe walilala nyuma ya pazia. Nywele zilidondoka, za kweli na za bandia, zikajikunja chini ya viti kama paka waliolala, na Kipaza akazikusanya kwa ufagio huku mdomo wake ukienda. Mdomo huo ndio uliompa jina. Kipaza, kifupi cha kipaza sauti.

Alhamisi saluni ilijaa hata watu wasiotaka kusukwa. Sababu ilikuwa redio. Jioni ya Alhamisi kulikuwa na kipindi kinaitwa Nani Kagonga. Watu walipiga simu wakasimulia mambo yaliyowashinda kuelewa: taa inayojiwasha, viatu vilivyohama chumba, marehemu aliyeonekana dukani ananunua sabuni. Wiki moja Mtangazaji alisikiliza. Wiki iliyofuata alikwenda mahali penyewe na kinasa sauti, akauliza, akapima, akarudi kusema alichokikuta. Wateja wa saluni waliipenda wiki ya kusimulia. Wiki ya kupima walipiga soga tu, hawakusikiliza.

Sasa, ukuta wa saluni hiyo nao ulikuwa unagonga. Jioni, go, go, go, kisha mngurumo kama tumbo lenye njaa, kisha kimya. Mlio ulipanda na ukuta kuelekea chumba cha juu, kwa Mama Cherehani. Huyu alikuwa mjane mwenye maneno machache, aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa ule. Watu walikuwa wameuzoea ukuta. Ulipogonga, mtu alisema "karibu" na wengine wakacheka, basi.

Alhamisi moja mama alitoka mara moja kununua mafuta ya nywele, akaacha simu mezani. Kipaza hakujiuliza mara mbili. Aliichukua, akapiga, na kwa bahati ikapokelewa. Wateja wakapunguza sauti ya redio, wakamkodolea macho, vichwa nusu vimesukwa.

Alisimulia ukuta vizuri tu, kama ulivyo.

"Unagonga," alisema Mtangazaji. "Basi?"

Kipaza aliisikia ile "basi". Mtu alikuwa anatafuta namna ya kumuaga ampokee mwingine.

"Siyo basi," alisema haraka. "Kuna mwanamke analia. Analia huko juu, chumba cha fundi cherehani."

"Umemsikia wewe mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu haya."

"Anaendelea kulia siku hizi?"

"Kila jioni."

Uongo wa kwanza ulimponyoka. Huu wa pili aliutafuta. Mtangazaji alimshukuru, akasema wiki ijayo atafika, na wateja wakampigia makofi. Mama aliporudi alimkuta mwanawe amesimama katikati ya saluni kama bwana harusi.

"Wewe, umesikia mtu analia?" mama aliuliza.

"Kasikia," wateja walijibu kabla yake. Kipaza akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Shuleni hata watoto wa darasa la juu walimwita aje asimulie, na kila aliposimulia, kilio kilipata kitu kipya. Kikapata kwikwi. Kikapata jina la mtu anayeitwa. Nyumbani nako mambo yalichangamka. Mlangoni mwa jengo alikaa fundi viatu, watu walimwita Mzee Soli, na yeye aliwaeleza wapita njia kwamba kilio hicho ni cha siku nyingi.

"Nilikuwa namsikia," alisema, akigonga kisigino. "Sikutaka kuwatisha tu."

"Mjomba, si ulikuwa unasema ukuta ni panya?" mtu alimuuliza.

"Panya wapo. Na yeye yupo."

Mwanamke aliyekuja kuosha nywele alisema amemsikia akiwa ameinamisha kichwa kwenye beseni. Mpangaji wa chumba cha pembeni alisema amemsikia akiwa bafuni. Kipaza alifagia, akasikiliza. Alitaka kucheka, ila kicheko kikakwama. Watu hawa hawakuwa waongo. Walisema wakiwa na macho makavu, kama mtu anayekwambia mvua inanyesha.

Jumatatu alimwona mama mmoja akipanda ngazi mikono mitupu, akashuka na kitambaa cha sare kwapani, kimekunjwa, hakijaguswa na mkasi. Baadaye akashuka mwingine hivyo hivyo. Jioni mwenye nyumba akaja mwenyewe. Kipaza alikuwa chini ya ngazi na ndoo, na maneno yalimdondokea kichwani moja moja.

"Mama, mimi sikufukuzi. Lakini watu wanaviogopa vyumba vyangu. Wanasema hayo mambo umeyaleta wewe."

"Nimeyaleta kutoka wapi?"

"Sijui. Mimi nasema wanavyosema. Mwisho wa mwezi uwe umepata pengine."

"Huko pengine nitampata nani wa kumshonea? Watu wangu wako hapa."

Mwenye nyumba alikuwa ameshageuka. Alishuka, akampita Kipaza bila kumtazama. Huko juu cherehani ilianza kulia, ikaenda kidogo, ikasimama, na haikuendelea tena.

Kesho yake jioni Kipaza alikuwa anaosha vikombe nyuma ya pazia. Ukuta ukagonga. Go, go, go. Halafu, chini ya mngurumo, akamsikia. Mwanamke. Analia taratibu, kwa kwikwi, kama alivyomsimulia mwenyewe kule shuleni. Kikombe kikamtoka mkononi. Alisimama na povu likimchuruzika mpaka viwikoni. Huyo mwanamke hayupo, alijiambia. Nimemtunga mimi, kwenye simu, nikiwa nimesimama hapo saluni. Sasa kwa nini namsikia?

Hakuwa na wa kumuuliza, maana swali lenyewe lingemuumbua.

Jumatano Mtangazaji akaja. Alikuwa kijana mwembamba, shati limetoka nje upande mmoja, begi la kinasa sauti begani.

"Kwenye redio ulikuwa mnene," Mzee Soli alimwambia.

"Wengi wananiambia hivyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kula basi."

Mtangazaji aliomba aazimwe saluni. Aliita majirani mmoja mmoja, akafunga mlango, na kila mmoja alihojiwa mwenzake asisikie. Kipaza alikuwa na ufagio wake, na hakuna aliyekumbuka kumtoa, kwa hiyo aliwasikia wote. Mzee Soli alisema ni kilio cha bibi kizee mwenye kikohozi. Mwanamke wa beseni alisema ni msichana mdogo. Mpangaji wa pembeni alisema ni mama mtu mzima anayeita mtu. Mwenye nyumba alisema wanalia wawili.

Mwishoni Mtangazaji alimuuliza kila mmoja swali lilelile: "Mara ya kwanza ulimsikia kabla ya kipindi, au baada?"

Baada, walisema. Mzee Soli peke yake alisema kabla. Akaulizwa alimwambia nani wakati huo. Akajikuna kisogo.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Labda baada."

Kisha Mtangazaji akaukaribia ukuta. Aliupapasa, akaweka sikio, akageuka kumuuliza mama. "Unagonga saa ngapi?"

"Jioni. Siku nyingine mapema, siku nyingine unachelewa. Siku nyingine haugongi kabisa."

"Ukigonga, nyinyi mnafanya nini?"

Mama akacheka kidogo. "Tunafanya nini? Tunakimbilia ndoo. Maji yanakuwa yameshafika."

Alipolisema, akalisikia. Hata Kipaza alilisikia. Maji ya mtaa ule yalikuwa ya mgao, yakifunguliwa jioni, na miaka yote ile watu walikuwa wamesikia ukuta ukigonga na kushika ndoo bila kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Jioni hiyo Mtangazaji alimwomba mwenye nyumba afunge koki kubwa ya jengo, ile ya karibu na geti. Wakasimama wote kwenye korido, pamoja na Mama Cherehani aliyeshuka na futi ya kupimia shingoni. Wakasubiri mpaka wakaona watu wa nyumba ya ng'ambo wanajaza madumu. Maji yamefika. Ukuta wao kimya. Mtangazaji akawasha kinasa sauti, akafungua koki, na mara hiyohiyo: go, go, go, ukuta ukatetemeka kutoka saluni mpaka juu, mngurumo ukafuata.

"Hewa," alisema. "Bomba likikaa tupu linajaa hewa. Maji yakiingia yanaisukuma, na bomba lenu limelegea humo ukutani, linagonga tofali."

Watu wakaguna kwa raha. Kipaza alihisi mwili unakuwa mwepesi. Yameisha, alijiambia. Yameisha na sijasema kitu.

"Sawa, kugonga ni bomba," alisema mwenye nyumba. "Na kilio? Bomba halilii kama mwanamke. Hata sasa hivi amelia."

"Amelia," alisema Mzee Soli. "Mwishoni pale."

"Na mimi nimemsikia," alisema mwanamke wa beseni.

Mwenye nyumba akamgeukia Mama Cherehani. "Unaona, mama? Yale ya mwisho wa mwezi yako palepale."

Mama Cherehani hakubishana. Aliivua futi shingoni, akaanza kuikunja kama mtu anayefungasha. Kipaza aliitazama mikono yake. 

"Nimemtunga mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema kitu na hakuna aliyemsikia. Ikabidi arudie.

"Huyo mwanamke. Nimemtunga mimi. Mtangazaji alitaka kukata simu, nikaongeza. Hakuna mtu aliyelia hapa, hata siku moja."

Mama yake akaweka mkono ukutani.

"Mtoto anaogopa," alisema Mzee Soli kwa upole. "Anamhurumia mama wa watu. Lakini mimi nimesikia, mwanangu."

"Hata mimi nilimsikia, mjomba. Jana. Nilikuwa naosha vikombe. Alilia na kwikwi, na hizo kwikwi nilizitunga mimi kule shuleni Ijumaa. Nilijua hayupo, na nikamsikia."

Mtangazaji akarudisha kinasa sauti nyuma, akakiweka juu ya kiti, akaongeza sauti. Koki ikafunguka. Go, go, go. Mngurumo. Maji yakaanza kwenda. Kisha sauti ya mwenye nyumba: sawa, kugonga ni bomba. Akairudia tena, wakainama karibu zaidi. Hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa na hata mmoja, achilia mbali wawili.

"Sikio likiambiwa litafute kilio, litakiokota popote," alisema Mtangazaji. "Ndiyo maana kila mmoja wenu alikuwa na mwanamke wake. Na mimi nina kosa. Niliacha chumba cha mtu kitajwe hewani kabla sijafika kuangalia."

Mwenye nyumba alikohoa, akatazama viatu vyake, akamwambia Mama Cherehani kwamba ile habari ya mwisho wa mwezi aisahau. Alisema taratibu, ila alisema.

Alhamisi Kipaza alirudia maneno yake hewani. Alidhani imetosha. Mama yake akasema haitoshi.

"Waliochukua vitambaa vyao wana milango," alimwambia. "Kagonge."

Akaenda, mlango kwa mlango, bila wateja wa kumpigia makofi. Wengine walimsamehe harakaharaka wapate kurudi jikoni. Mama mmoja alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kwa hiyo tukuamini sasa, au tukuamini siku ile?" Huyo hakurudisha kitambaa. Wengine walirudisha, siyo siku ileile, lakini walirudisha.

Mwisho kabisa alipanda juu. Mama Cherehani alikuwa anakata sare, mkasi unakwenda kwenye mstari wa chaki.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekasirika," alisema Mama Cherehani bila kuinua kichwa. "Nitakasirika mpaka wiki ijayo, halafu nitaacha. Kaa hapo, shika hii ncha."

Kipaza akakaa, akashika ncha ya kitambaa. Wakafanya kazi kimya, na kwake ile ilikuwa adhabu ya kutosha.

"Mimi sikuzuii kusimulia," mama yule alisema baadaye. "Unasimulia vizuri, ndiyo maana walikuamini. Lakini ukifika mwisho wa ulichosikia, hapo ndipo mwisho. Ukiona watu wanataka zaidi, waambie huna. Wataondoka, ndiyo. Waache waondoke. Ulichoongeza wewe kwa dakika moja, mimi kilikuwa kinanitoa kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Na siku ukisikia kitu usichokielewa?"

Kipaza alifikiri. "Niulize kwanza kinatoka wapi."

"Uliza. Halafu nenda kaangalie," alisema Mama Cherehani, na mkasi ukaendelea.