Mianzi Saba ya Paa Letu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilifagia uwanja kwa ufagio wa njiti za mnazi. Kisha nilimbeba mdogo wangu Onyok ili mama apate kuosha mchele. Tulikula wali uliolala, uliokaangwa kwa kitunguu saumu, na kipande cha samaki mkavu. Mama alinipa mimi kipande chenye mafuta, yeye akala kichwa. Wakati ule nilidhani anapenda vichwa vya samaki.

Tuliishi Talisayon, mlangoni mwa mto, katika nyumba ya mianzi iliyosimama juu ya nguzo. Paa letu la makuti ya mnipa, mti wa jamii ya mnazi uotao matopeni, lilikuwa limetimiza miaka tisa. Mvua za mwaka uliotangulia zilituhamisha pembe hadi pembe ndani ya nyumba yetu wenyewe, mikeka mikononi. Kwa hiyo nilipokuwa darasa la tano, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba aliamua kuliezua lote na kuezeka upya, makuti na mianzi ya kuyabeba.

Mama alishona makuti mwenyewe, akikunja jani baada ya jani juu ya ufito, mpaka vidole vyake vikapasuka. Mianzi ilichaguliwa na Babu Tibo. Hakuwa babu yangu wa damu, lakini kijiji kizima kilimwita hivyo. Kwa miaka arobaini hakuna mtu aliyejenga pale bila yeye kupanda kwanza kilimani na kusema mwanzi upi umekomaa na upi uachwe. Alikata mwezi ukiwa gizani tu. Hakutaka malipo, ila chakula cha mchana na mtu wa kumsikiliza akizungumza.

Yeye na baba walikata mianzi ishirini na minne, wakaizamisha kwenye tope la mlangoni mwa mto na kuipangia mawe juu.

"Ilale humo miezi miwili," Babu Tibo alisema. "Chumvi iingie, utamu utoke. Mwanzi usiolala majini ni chakula cha dumuzi, hata uwe mzuri namna gani."

Baba alikuwa anarudi kisiwa cha Negros kukata miwa. Aliniita kando.

"Isidra, kazi hii ni yako. Kila maji yakitoka, nenda katazame. Jiwe likihama, lirudishe. Mwanzi ukielea, mwambie mama atafute mtu wa kuuzamisha."

"Ndiyo, baba."

"Mama yako ana mtoto mchanga na makuti. Usimfanye ashuke mwenyewe."

Wiki tano za mwanzo nilishuka kila siku. Nilihesabu mawe, nikarudi na matope mpaka magotini, nikijiona mtu mzima. Lakini saa ile ile maji yanapotoka, mchanga wa pwani huwa mgumu na safi, na watoto wote hushuka kuchora mistari ya mchezo wetu. Upande mmoja unalinda mistari, upande mwingine unapita bila kuguswa. Rafiki yangu Vining alikuwa na mbio kuliko wavulana, ila peke yake hakuweza kushinda.

"Isidra, mianzi ina miguu?" aliniuliza siku moja.

"Haina."

"Basi itakwenda wapi? Njoo, tumebaki watatu."

Nikaenda. Siku iliyofuata nikaenda tena. Jioni mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kuti lake, "Mianzi imelala?"

"Imelala, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Mwanangu mzuri. Sijui ningefanyaje bila wewe."

Aliyasema maneno hayo jioni nyingi. Mara ya kwanza yalinichoma kidogo. Baadaye niliyazoea.

Ikaja barua kwamba baba atafika Jumamosi. Siku ile ile ya barua nilikimbia mlangoni mwa mto, Vining akinifuata nyuma. Maji makubwa ya bamvua yalikuwa yamehamisha mawe. Mianzi saba ilikuwa juu ya mizizi ya mikoko, mikavu, imepauka kwa jua. Nilihesabu kwa vidole tangu siku niliyotazama mara ya mwisho. Siku kumi na nane.

"Isukume ndani," Vining alisema. "Ikilowa itafanana na mingine."

"Na dumuzi?"

"Dumuzi anajua kuhesabu siku? Amesoma wapi?"

Tukacheka. Tuliikokota mmoja mmoja, tukaizamisha na kuirudishia mawe. Jumamosi baba alipoitoa, yote ilikuwa myeusi kwa tope, na hakuna aliyeweza kuitofautisha. Babu Tibo aliipapasa kama mtu anavyopapasa mgongo wa ng'ombe wake, akaridhika.

Ilikauka kivulini, na mwezi wa tano majirani wakaja kutusaidia kuezeka. Wanaume walipanda juu, wanawake walipika kuku kwa papai bichi, na sisi watoto tulipitisha makuti kutoka mkono hadi mkono. Jioni nyumba ilinukia majani mapya. Mvua ya kwanza ilipokuja, mama alilala katikati ya chumba, akanyoosha miguu, akasema hajawahi kusikia mvua tamu namna ile. Nilikwisha kuisahau mianzi saba. Hilo hunisikitisha mpaka leo, jinsi nilivyosahau kwa urahisi.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, mama alikuta unga mwembamba juu ya mkeka, wa manjano, laini kama unga wa mchele. Akaufagia. Kesho yake ulikuwepo tena, na siku ya tatu ulianguka ndani ya bakuli la Onyok. Baba, ambaye msimu wake wa miwa ulikuwa umekwisha, alipanda na kubonyeza mwanzi mmoja kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Umebunguliwa," alisema. Akabonyeza mingine. "Huu pia. Na huu."

Jirani yetu Amado alikuwa amesimama chini. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika.

"Nani alichagua?"

"Babu Tibo."

"Basi. Mzee macho yamekwisha. Siku hizi anachagua mianzi kama anachagua viazi."

Baba alishuka akifuta unga kidoleni. Mimi nilikuwa na Onyok kiunoni. Nilifungua mdomo, kisha nikaenda kumfuta Onyok pua, ambayo haikuwa na kitu.

Maneno ya Amado yalizunguka kijijini upesi. Familia ya mwalimu ilikuwa inajiandaa kujenga, ikamwita mkataji wa kijiji kingine. Siku moja nilitumwa dukani kununua siki, nikamkuta Babu Tibo amekaa kwenye benchi pamoja na wanaume.

"Babu," Amado alimwambia, "mwanzi wako sasa unauzwaje, kwa kilo? Maana kwa kina Isidra umeshakuwa unga."

Wote wakacheka, na Babu Tibo akacheka nao. Alicheka muda mrefu kidogo kuliko wao, kisha akatazama viganja vyake. Nilichukua siki yangu nikaondoka. Njiani nilijiambia kwamba nitasema kesho. Na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo.

Mwezi wa tisa redio ilianza kutaja dhoruba, moja baada ya nyingine, zikipita mbali na sisi. Baba alisema nyumba haitastahimili upepo mkubwa ikiwa na mianzi saba iliyooza paani. Lakini mianzi mipya ingehitaji kulazwa majini, na muda huo hatukuwa nao.

Alasiri moja tulimwona Babu Tibo akija na mwanzi begani. Aliuweka chini ya nyumba yetu, akarudi, akaleta mwingine. Alikwenda na kurudi mara saba. Baba alitaka kumpokea, akakataa.

"Hii si ya paa la jiko lako?" baba aliuliza. "Si ndiyo uliyoilaza tangu mwaka jana?"

"Jiko langu litasubiri. Mimi ni mmoja, nitahamisha sufuria. Ninyi mna mtoto mdogo."

"Babu, hatuwezi kuichukua."

"Ichukue, mwanangu. Nimekosa mimi." Alijifuta jasho kwa kofia yake. "Nimefikiri sana ni nini kilinipita. Labda mwezi ule sikuuona vizuri. Labda niliharakisha. Nimemwambia mpwa wangu achukue panga langu la mianzi, maana mimi sasa nitawaharibia watu nyumba."

Nilikuwa karibu na mtungi. Kwetu mtoto huchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake, na mama alinitazama nifanye hivyo. Nikauchukua mkono wa Babu Tibo.

"Mungu akubariki, mjukuu wangu," aliniambia.

Hata hapo sikusema. Ningependa kuwaandikia kwamba nilisema, lakini sikusema.

Siku tatu baadaye majirani walikuja tena kuezua upande mmoja. Watu wale wale waliacha kazi zao mara ya pili kwa ajili yetu, na hakuna aliyenung'unika. Amado alikuwa juu ya paa, akifungua kamba za henzirani zilizofunga mianzi. Babu Tibo alikuwa chini, akishika ngazi.

"Babu, hiyo ni ngazi unayoishika," Amado alisema. "Nakuambia tu, usije ukadhani ni mwanzi mzuri ukaukata."

Watu wakacheka. Babu Tibo akacheka tena kile kicheko chake kirefu, na nikaona kwamba atacheka hivyo mpaka atakapokufa, kwa sababu yangu.

"Si yeye," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nikaenda mpaka kwenye ngazi, nikasema kwa sauti, "Si Babu Tibo. Ni mimi. Mianzi saba ilielea, sikwenda kuitazama. Nilikuwa nacheza. Nilimdanganya mama kwamba imelala."

Juu ya paa mikono ikasimama. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Babu Tibo aliiachia ngazi, akakaa juu ya mianzi aliyoileta mwenyewe.

"Saba?" aliniuliza.

"Saba, Babu."

"Ilikaa juani siku ngapi?"

"Sijui, Babu. Sikuitazama siku kumi na nane."

Aliipapasa mianzi aliyoikalia.

"Basi hayakuwa macho," alisema taratibu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuwa mgonjwa anayeambiwa kwamba hakuwa mgonjwa, baada ya kukwisha kugawa vitu vyake. "Ungeniambia mwezi wa nane, Isidra. Mwezi wa nane panga lilikuwa bado kwangu."

Mpwa wake alikuwa amekwisha kuvuka kwenda kisiwa kingine, na panga alikwenda nalo.

Amado alishuka. Alivua kofia yake pana, akamvika Babu Tibo, kwa kuwa jua lilikuwa kali na mzee alikuwa ameacha yake nyumbani. Kisha akashika ngazi yeye mwenyewe. Mchana, chakula kilipopakuliwa, alimpelekea sahani kwanza, akakaa karibu naye na kumwuliza habari za nyumba alizozijenga zamani. Alimsikiliza mpaka wali ukapoa.

Tulimaliza kabla ya jua kuzama. Dhoruba ilifika mwezi wa kumi, ikang'oa migomba na banda la nguruwe la Amado, lakini paa letu lilikaa. Kwa Babu Tibo jiko lilivuja msimu wote. Nilimpelekea chakula kila jioni ya mvua, nikamkuta amesogeza sufuria pembeni na kufunika kuni kwa gunia. Hakunikaripia hata mara moja. Alikuwa akinimenyea pera, akinikatia upande usio na mbegu.

Kiangazi kilipokuja, baba alimnunulia panga jipya, na tukapanda naye kilimani kukata mianzi ya jiko lake. Familia mbili nyingine zilikuwa zimemwomba pia, maana habari ya kweli ilikuwa imefika kila nyumba, na niliipeleka mimi mwenyewe, mlango kwa mlango. Nilidhani yote yamekwisha. Lakini kilimani Babu Tibo alisimama mbele ya mwanzi wa kwanza muda mrefu. Alizunguka huku na huku. Kisha akamgeukia baba.

"Wewe unauonaje?"

"Wewe ndiye unayejua, Babu."

"Ndiyo. Lakini wewe unauonaje?"

Kwa miaka arobaini hakuwa amemwuliza mtu. Aliuliza hivyo kwa kila mwanzi siku ile, na kila aliokata miaka iliyofuata.

Tuliporudi nilimweleza mama jinsi Babu alivyouliza. Alikuwa akiosha mchele, nami nilidhani atasema nisiwaze sana, kwa sababu mama alikuwa mpole. Aliacha kuosha, akakausha mikono, akanivuta nikae karibu naye.

"Nilikuuliza kila jioni, nawe ukanijibu neno moja," alisema. "Ulidhani unasema habari ya mianzi tu. Mimi nami nilidhani hivyo, ingawa ningeweza kushuka siku moja nikatazama. Isidra, kila mtu anakosa. Ukikosa, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo na likiwa lako peke yako. Likikaa, linakwenda kutafuta mtu mwingine wa kulibeba, na mara nyingi humpata mtu mwema, kwa sababu watu wema hawabishi."

Akanisogezea nusu ya mchele, tukaosha pamoja.