Kipande cha Tano cha Mpira

Siku ya soko Kitshanga mtu hasimami mahali pamoja. Ng'ombe wanapita, motari wanapiga honi juu ya pikipiki wanazoziita moto, akina mama wanapenya na makapu ya maharagwe kichwani. Evode alirudi nyuma kumpisha ng'ombe mwenye pembe ndefu, akakanyaga beseni. Maji yote yakamwagika, mengine yakaingia ndani ya mabuti yake ya mpira.

"Kaka, ile maji nilikuwa nayo kazi," sauti ya msichana ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Msichana huyo, Astrid, alikuwa amechuchumaa kando ya meza ya vipuri. Alivaa kikwembe cha manjano chenye ndege wa buluu. Mikono yake ilikuwa na mafuta meusi hadi kwenye viwiko, lakini masikioni alining'iniza hereni ndogo, kama mtu aliyetoka kanisani.

"Unisamehe, dada. Naenda kuchota ingine."

Wengi huomba msamaha kisha huenda zao. Evode alichukua beseni, akasimama kwenye bomba nyuma ya akina mama sita, akarudi nalo limejaa. Astrid aliliona hilo.

"Sasa unatafuta nini?"

"Radiatere ya karti."

"Karti njo nini?"

"Kigari kidogo ya mashindano. Haina mulango, haina paa, unakaa matako karibu na udongo. Nimeitengeneza mwenyewe kule Karuba na bomba za kitanda. Mota ni ya moto ya magurudumu tatu, ile inapozwa na maji. Tutashindana ku Mubi, mwisho wa mwezi."

Astrid akacheka. "Mi ni mutoto wa Mubi! Nakuja huku kuuzia kaka yangu tu. Na wewe unavaa triko ya sufu, unaenda Mubi? Kule hata kivuli inatoka jasho."

Mezani zilikuwa radiatere tatu, zile za kupoza maji ya mota. Evode akashika ndogo inayong'aa.

"Hii iko muzuri."

"Muzuri kwa macho. Karuba itatosha, juu upepo ya milima itakusaidia. Mubi mota itachemuka kama nyungu ya sombe."

"Na hii kubwa?"

"Ya gari. Hautakimbia, utabeba muzigo."

Astrid akamchagulia ya tatu. Haikuwa nzuri, kona yake moja ilikuwa imepinda. Lakini ilikuwa nene, upepo ungeweza kupita vizuri kati ya vibati vyake, na midomo yake ililingana na mpira wa maji wa mota. Astrid akaziba mdomo mmoja, akafunga pompi ya baiskeli kwenye mwingine, akaizamisha katika maji aliyoleta Evode. Akapiga pompi. Hakuna povu lililotoka.

"Umeona? Sasa, utaifunga namna gani?"

"Dada, kuchagua umenisaidia. Kufunga njo kazi yangu, usinifundishe."

"Haya, fundi mukubwa. Sikufundishi."

Akaenda nyuma ya meza kwa muda, akarudi na vipande vinne vya mpira alivyokata kutoka mpira wa ndani wa tairi, kila kimoja chenye tundu huku na huku, akaifunga navyo radiatere nyuma ya moto ya Sylvain, motari wa Karuba.

"Sylvain, umufikishe muzima."

"Radiatere ao muntu?"

"Vyote viwili," Astrid akasema, akainamisha uso.

Katika milima ile, mpira wa tairi ndiyo kamba ya kila kitu. Unafunga kuni, magunia, hata kuku. Walipofika, Evode alifungua radiatere yake na kumwachia Sylvain vile vipande, kama mtu yeyote wa Karuba angefanya.

Tangu siku hiyo simu haikupumzika.

"Halo, fundi mukubwa."

"Halo, sukari yangu."

"Sukari inayeyuka Mubi. Niite jiwe."

"Halo, jiwe yangu. Umekula?"

"Nimekula. Evode, mama anauliza kama utakuja kweli. Nimemwambia utakuja na kitu umetengeneza na mikono yako."

"Akasema nini?"

"Alisema: kama kazi yake inashika, nitamupikia. Kama haishiki, nitamupatia maji ya kunywa, arudi kwao."

Evode alicheka, lakini neno hilo lilimkaa moyoni. Akaikaza radiatere kando ya kiti kwa bulo nne, yaani boliti, chuma juu ya chuma, mpaka mikono ikamuuma. Alitaka ishike.

Jumamosi aliijaribu karti kwenye malisho, majirani wote wakitazama. Mzunguko wa kwanza walipiga makofi. Wa pili, mvuke mweupe ukapanda na maji moto yakamrukia mguuni. Radiatere ilikuwa imepasuka.

"Wamekuuzia sabuni!" mtu mmoja akapiga kelele. "Wauza vipuri banaziba tundu na sabuni, haujui?"

Watu wakacheka. Evode, matope bado usoni, akachukua simu mbele yao.

"Astrid, radiatere yako imetoboka."

"Imetobokea wapi?"

"Unajua wapi. Pale uliweka sabuni."

"Evode, niliipima mbele ya macho yako. Mu maji uliileta wewe mwenyewe."

"Wote munafanya vile."

"Wote ni nani? Mi niko Astrid."

Simu ikakatika. Jumapili haikupatikana, wala Jumatatu. Jumanne Evode alikwenda sokoni Kitshanga; kaka yake Astrid, aliyekuwa kwenye meza ya vipuri, alimwambia kwamba Astrid amerudi Mubi kwa mama yao.

Aliporudi nyumbani, mama yake, Nyiraneza, alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Hakumgombeza. Aliuliza tu, "Ile tundu iko fasi gani?"

"Ku sikio ya radiatere, pale bulo inaingilia."

"Na sabuni ingekaa pale?"

Wakati huo Sylvain aliingia uani, kuku watatu wamefungwa nyuma ya moto yake.

"Evode, dada yako wa Kitshanga anajua kukata mpira. Angalia, hata tundu ameweka. Mi najiuliza ni ya nini."

Evode akafungua kuku mmoja. Akaushika ule mpira, akautazama, akatoa bulo mfukoni. Ikaingia katika tundu sawasawa. Akakunja mpira, tundu juu ya tundu: ukawa mto mdogo. Karti haina springi za kuipunguzia mitikisiko. Kila jiwe linapiga chuma, na chuma kinapiga radiatere. Vile vipande vilikuwa vya kulala kati ya chuma na radiatere.

Akaketi chini.

"Mama, alinipatia dawa, mi nikafungia kuku."

"Basi enda umwambie," Nyiraneza akasema. "Usimwambie ku simu. Enda."

Vipande vilibaki vitatu. Cha nne kilipotea barabarani. Evode alilehemu radiatere, na kwa kipande cha nne akakata sehemu ya juu ya buti lake la kushoto. Kisha akapakia karti kwenye lori la maharagwe. Safari ilikuwa siku mbili za matope. Msituni, matawi yalipoanza kupiga karti, abiria mwenzake, mama mmoja asiyemjua, alivua kikwembe chake cha juu akaifunika radiatere. "Naona unaiangalia kama mutoto," alimwambia.

Mubi joto lilimkumbatia kabla hajashuka. Mbele ya duka la vipuri aliketi Mama Céline, mama yake Astrid. Nyuma ya meza alisimama Astrid, gauni la kijani, nywele zimesukwa upya. Hakuinua macho.

"Jambo, Mama. Niko Evode."

"Najua," Mama Céline akasema, akampa kiti.

Evode hakuketi. "Astrid, ile mipira nilifikiri ni kamba."

Astrid akainua macho polepole. "Kamba yenye tundu?"

"Ulipiga tundu na nini?"

"Na musumari ya moto. Nilijichoma." Akaonyesha kidole, ngozi bado nyekundu.

"Na mi nikakuita mwizi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Karuba yote."

"Basi sema ukweli mbele ya Mubi."

Evode akageukia barabara. Motari kumi walikuwa wamesimama pale wakingoja wateja. "Bandugu! Huyu dada aliniuzia radiatere ya kweli! Niliipasua mwenyewe, juu ya kiburi!"

"Oa yeye, basi!" mmoja akajibu, wote wakaangua kicheko. Astrid akauma mdomo, lakini tabasamu lilikwisha kutoka.

Alikuja kuikagua karti, akagusa mto mmoja, wa pili, wa tatu. Kidole kikasimama kwenye wa nne.

"Hii ni nini?"

"Buti."

Akatazama miguu ya Evode: buti moja refu, jingine fupi. Alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akaingia ndani, akarudi na kipande cha mpira chenye matundu mawili.

"Nilikata tano. Hii nilibakisha ya akiba."

"Hata vile nilikukosea?"

"Niliitupa mara moja," Astrid akasema. "Nikaiokota."

Walifanya kazi pamoja mchana wote. Walitoa kipande cha buti, wakaweka cha tano. Astrid akailaza radiatere kidogo ielekee mbele, Evode akakata bati la bidoni la mafuta ili liuelekeze upepo. Jioni Evode alimpigia mama yake, akamweleza yote, hata habari ya kile kidole.

Jumapili, baada ya misa, karti sita zilizunguka uwanja wa mpira mara ishirini. Mbili zilizimika, moja ikatumbukia mferejini. Evode hakushinda, alimaliza wa tatu. Kabla hajashuka, Astrid alikwisha kufika, akaweka kiganja juu ya radiatere. Ilikuwa ya moto, lakini mkono ulikaa.

"Inashika?" Mama Céline akauliza kutoka kando ya uwanja.

"Inashika, Mama!"

"Basi naenda kupika."

Evode akamtazama Astrid, vumbi usoni. "Nataka niite wazee wa kwetu wakuje kuongea na Mama. Unakubali?"

"Ita. Usingoje unite ya simu iishe."

Akapiga palepale.

"Mama, tafuta wazee wa kukuja Mubi."

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Inatosha. Na yeye amekubali? Munipatie yeye."

Astrid alifuta mkono kwenye gauni, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Jambo, Mama. Ni Astrid."

"Jambo, mutoto yangu," sauti ya Nyiraneza ikasema, mbali na karibu kwa pamoja. "Kile kidole kimepona?"

Astrid alikitazama kidole chake.

"Kimepona, Mama," akasema.