Mianzi Iliyovuliwa Shuka

Nyumbani kwa Mama Pacha, asubuhi huanza na ufagio. Fyaa, fyaa, fyaa! Mwenye ufagio ni mama mkwe wake. Watoto wa jirani humwita Bibi Fagio, naye hucheka tu. Anafagia mlangoni. Anafagia njia ya chooni. Anafagia mpaka chini ya kichaka cha mianzi kilichoko nyuma ya jiko. Kila jani lililoanguka hulikusanya na kulichoma moto. Uwanja wake ni msafi. Ukimwaga mchele hapo, unaokota wote.

Mama Pacha ni msusi wa matenga. Hukata mianzi iliyokomaa, huipasua vipande vyembamba, kisha husuka matenga ya kubebea kuku na nyanya. Mianzi hiyo ndiyo kazi yake.

Mwaka ule mvua ilichelewa sana. Majani ya mianzi yakaanza kujikunja kama mikeka. Mengine yakawa ya njano, yakaanguka. Bibi akazidi kufagia. Mama Pacha naye akazidi kumwagilia. Kila jioni alichota maji kwa kopo, akayarushia majani, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Hali ikawa mbaya zaidi.

Siku moja Baba Pacha, fundi baiskeli, alirudi na sululu ya kuazima begani.

"Hiyo ya nini?" mkewe akauliza.

"Ya mianzi yako. Imekufa. Jumamosi naing'oa, nipate mahali pa kuweka baiskeli za wateja."

"Haijakufa!"

"Mke wangu, imekauka vile, halafu unasema nini? Imelala?"

"Ukiing'oa, nitasuka matenga kwa kitu gani? Kwa nywele zako?"

Baba Pacha akajipapasa kichwa. Kilikuwa na upara, kinang'aa. "Hapo hutapata hata kifuniko," akasema. Wote wawili wakacheka. Lakini sululu akaiegemeza ukutani, tayari kwa Jumamosi.

Asubuhi iliyofuata Mama Pacha alikwenda kwa jirani yake, Mama Miche. Huyu ana kitalu kando ya barabara. Anauza miche ya miti na maua.

"Jirani, njoo unitazamie mgonjwa."

"Mimi tangu lini daktari?"

"Mgonjwa wangu ana majani."

"Aa, huyo namuweza. Twende!"

Mama Miche alifika, akashika kijitawi cha mwanzi mmoja, akakipinda. Kilipinda bila kukatika. Akakikwangua kwa ukucha. Ndani kilikuwa kijani.

"Huyu mzima," akasema. Akashika kijitawi cha mwanzi mwingine. Ka! Kikakatika, ndani kikavu kama njiti ya kiberiti. "Huyu tumempoteza. Lakini wazima ni wengi."

Mama Pacha akashusha pumzi. "Sasa mbona wako hivi, nami nawapa maji kila siku?"

Mama Miche akachoma kidole ardhini. Kidole hakikuingia. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Akachimba kidogo kwa kisu. Juu palikuwa na unyevu kidogo, chini vumbi tupu.

"Unayanywesha majani, jirani. Wanaokunywa ni mizizi. Hayo maji ya kopo jua linayamaliza kabla hayajashuka. Halafu, majani yaliyoanguka yako wapi?"

"Nimeyachoma!" Bibi akajibu kutoka jikoni. Akatoka na ufagio wake mkononi. "Mimi siishi jalalani."

Mama Pacha akatazama vidole vya miguu yake. Mama mkwe haambiwi hivi hivi. Lakini Mama Miche alimjua Bibi, na alijua anachopenda.

"Shikamoo, Mama. Nina kitendawili."

Uso wa Bibi ukafunguka. "Tega!"

"Akiwa na kiu hukunja nguo zake, akinywa huzikunjua."

"Konokono."

"Siye."

"Mwavuli! Hapana, mwavuli haunywi. Mtoto mchanga?"

"Siye, Mama. Nipe mji."

"Nimekupa, chukua na soko lake. Ni nini?"

"Ni jani la mwanzi. Hujikunja ili jua lisilinyonye maji. Halijafa, linajibana. Na yale yaliyoanguka ni shuka la mizizi. Yakitandazwa chini, ardhi haikauki upesi. Yakioza, yanakuwa chakula. Hayo huitwa matandazo."

Bibi akautazama ufagio. "Kumbe mimi ndiye niliyewavua shuka! Mbona miaka yote hawakufa?"

"Miaka yote mvua iliwahi, Mama. Safari hii jua limewakuta uchi."

"Haya, nionyeshe la kufanya. Ila hayo majani yasifike mlangoni kwangu."

"Hayatafika. Tutayazungushia mawe."

Wakaanza kazi. Walilegeza udongo wa juu kwa jembe, polepole, kwa sababu mizizi ya mianzi haiko mbali. Wakaweka tuta dogo kuzunguka kichaka, ili maji yasikimbie. Mama Pacha akamwaga maji shinani kidogo kidogo. Yakizama, anaongeza. Bibi akaleta ndoo ya maji ya kufulia.

"Hayo hapana, Mama," Mama Miche akasema. "Yana sabuni nyingi. Maji ya kuoshea mboga ni mazuri."

Kisha wakakata mianzi mikavu tu, chini kabisa. Ile yenye ukijani hawakuigusa. Mwisho Bibi mwenyewe akatandaza nyasi kavu na majani aliyofagia asubuhi ile, kabla hajayachoma.

"Na samadi?" Mama Pacha akauliza.

"Bado. Mwenye kiu mpe maji kwanza. Samadi utaweka mvua ikinyesha. Na usimwagilie kwa mazoea. Choma kidole: pakiwa pakavu chini, mwagilia hadi maji yashuke. Pakiwa na unyevu, acha. Mizizi ikikaa kwenye maji huoza."

Jumamosi Baba Pacha alichukua sululu, akaenda nyuma ya jiko. Akamkuta mama yake ameketi kwenye kigoda mbele ya mianzi.

"Mama, naomba unipishe."

"Nimekaa."

"Mama, nina kazi hapa."

"Na mimi kazi yangu ni kukaa. Tazama juu kwanza."

Akatazama. Majani mengi yalikuwa yamefunguka, yanacheza na upepo.

"Haya yameota lini?"

"Ni yale yale," mkewe akasema. "Yamekunywa."

Baba Pacha akajikuna upara wake. Kisha akairudisha sululu kwa mwenyewe, akipiga mluzi njia nzima.

Mvua ilikuja baadaye. Mama Pacha akaweka samadi. Akaendelea kusuka kwa mianzi yake iliyokomaa, naye akawa anangoja mipya.

Asubuhi moja mteja mmoja alikuja kuchukua baiskeli yake. Akaisukuma kupitia nyuma ya jiko.

"Wee! Simama!" Baba Pacha akapiga kelele. "Utamkanyaga mtoto!"

Mteja akaruka pembeni. "Mtoto? Mtoto yuko wapi?"

Baba Pacha akapiga magoti, akasogeza majani makavu taratibu. Chini yake chipukizi la mwanzi lilikuwa limetoa kichwa, nene kama kidole gumba.

"Huyu hapa," akasema. "Mama Pacha, njoo uone!"