Kibati Kwenye Mti wa Kochito

Jirani yangu Kochito alirithi mti mmoja mkubwa msituni. Mizinga yake yote ya nyuki hutundikwa juu ya mti huo. Huku kwetu Kafa, ambako kahawa hukua chini ya miti ya msituni, ukitia alama yako kwenye mti, umekuwa wako. Hata ndugu wa damu haugusi.

Asubuhi moja alikwenda kukagua mizinga. Akakuta kibati chenye namba kimepigiliwa kwenye shina.

"Watu wa mjini wameutia alama mti wangu," alimwambia mkewe, Asnakech. "Watarudi na misumeno."

Asnakech alimshauri aulize kwanza. Wapi! Alikwenda akaking'oa kibati, akakitia mfukoni. Kijiji kizima tulimsifu. Wageni waliopita msituni na kamba za kupimia, nani awaamini?

Baadaye akaja Atsede, mpima misitu. Asnakech alimpa kahawa ya chumvi, kama tunavyomkaribisha mgeni. Kochito hakumtazama hata usoni. Atsede akasema kuna mti wake ameutafuta, hauoni.

"Mti wako? Kakupa nani?"

Hapo Atsede akaelewa. "Mzee wangu, kile kibati hakinipi mti. Kinanisaidia nikirudi niupime uleule, nijue umenenepa, umeugua au umekatwa. Vibati viking'olewa, nitaandika miti haionekani. Wakubwa watadhani mmeikata, wawanyang'anye msitu."

"Si mna picha za kutoka angani?"

"Tunazo. Lakini ukiiona nyumba kutoka juu, unaona paa tu. Utajua kama jikoni kuna chakula?"

Kochito alimtazama kwa jicho la pembeni, kisha akatoa kibati mfukoni. Asnakech akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Walikwenda msituni pamoja. Kochito alitaka kibati kikae chini ya alama ya ukoo wake, kikapigiliwa hapo. Atsede akainama, akapekua majani chini ya mti. Akauliza miche ya mti huo iko wapi.

"Nimeifyeka," Kochito alisema kwa fahari. "Kahawa yangu ipate nafasi. Pasafi, siyo?"

"Pasafi mno. Kutoka juu msitu unaonekana mzima, lakini huku chini hauna mtoto hata mmoja. Mti huu umezeeka, mzee. Ukianguka, wajukuu wako watatundika mizinga wapi?"

Kochito aliutazama ule mti. Mwizi wa msitu aliyekuwa akimsaka kumbe ni yeye mwenyewe, na panga lake. Aliona aibu, na uso wake ulionyesha.

Tangu siku hiyo akipalilia kahawa huiruka miche. Nasi wengine tukamfuata, kwa kunung'unika kidogo.

Miaka ikapita, Atsede akarudi kupima. Kibati kilikuwa mahali pake, na chini ya mti miche ilimfika kiunoni. Kochito alimfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono mgongoni, macho makali kama zamani.

"Rudia kuhesabu miche, binti," alisema. "Kale kadogo pale kwenye mzizi umekaruka."