Kifuniko Kikavu

Bibi yangu alipakana nyumba na Fumi, na bibi hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Kijijini kwetu, aliyekuwa na kijana vitani alimwekea chakula kila asubuhi kana kwamba yupo. Fumi alimpakulia mumewe Seiji wali wa moto na kulifunika bakuli. Baadaye mama mkwe wake, Bi Tome, alilifunua. Kifuniko kikiwa na matone, kijana yu hai. Kikiwa kikavu, amekufa. Siku za ukavu Fumi alikula bakora.

"Unamuua mwanangu kwa moyo wako wa baridi," Tome alimwambia.

Theluji ilipoanza, wali ulipoa upesi. Fumi akachoka kupigwa, akawa anachovya vidole majini na kukilowesha kifuniko kwa siri. Miezi mitatu Tome akatamba kisimani: mwanangu mzima.

Ndipo karani wa kijiji alipoleta kutoka Tokyo kisanduku cha kuletea mifupa ya waliokufa vitani. Ndani mlikuwa na jiwe tu. Meli ya Seiji ilizama miezi mitatu nyuma.

Tome alikitazama kifuniko, kisha akamtazama Fumi. Fumi akakiri. Hakupigwa, na hilo lilimtisha zaidi.

"Umemwita maiti mezani, mkaza mwanangu," Tome alinong'ona. "Basi mlishe. Chakula chako ndicho chake."

Chakula cha mgao kilikuwa haba. Fumi akabaki kunywa maji yaliyooshewa mchele. Hakulowesha kifuniko tena, lakini kila asubuhi kilikuwa na matone. Akaonja moja. Lilikuwa la chumvi. Bahari ilikuwa mwendo wa siku mbili.

Siku ya tisa Fumi hakuweza kuinuka. Tome akapakua mwenyewe, akaliinamia bakuli la Seiji.

"Mwanangu, umeshiba?"

"Bado, mama," sauti ikajibu kutoka bakulini.

Haya yote Fumi alimsimulia bibi yangu asubuhi hiyo, mlangoni kwa bibi, kwa sauti ya chini. Wakaenda pamoja. Tome alikuwa amelala chali mkekani. Nguo zake kavu, kinywa kimejaa maji ya bahari.

Kando yake palikuwa na mabakuli mawili. La Seiji lilikuwa tupu. La Fumi, lililokaa bila chakula siku tisa, lilikuwa limefunikwa. Bibi akalifunua. Wali ulikuwa wa moto, unafuka mvuke.

Kifuniko kilikuwa kikavu.

Bibi akageuka. Mlangoni, alipokuwa amesimama Fumi, hapakuwa na mtu. Kwenye theluji, toka nyumbani kwa bibi hadi pale, kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, nazo ni za bibi mwenyewe.