Sala ya Alhamisi

Maiti ya Mzee Elimringi, mzee wa kanisa, ililala kifudifudi ndani ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, koti limenasa kwenye mizizi ya mgomba. Maji yaliyokuwa yakishuka kutoka msituni kwenda vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa, yalimfikia, yakajaa, yakamwagika pembeni juu ya nyasi.

Inspekta Salehe Fikirini wa polisi Moshi alifika saa tatu asubuhi, Alhamisi ya tarehe 10 Septemba 1953, matope yamempanda hadi magotini. Alichuchumaa ukingoni akakitazama kisogo cha marehemu. Jeraha lilikuwa moja, na mfupa ulikuwa umebonyea. Kwenye nywele zilizogandamana na damu kulikuwa na kitu cha kijani kilichokoza. Alikinusa.

"Andika samadi," alimwambia Konstebo Eliamini.

"Samadi, afande? Huku kwetu hata mbinguni tutaingia na samadi miguuni."

"Mfongo huu ni maji safi na changarawe. Andika."

Mzee wa mfongo, msimamizi wa zamu za maji, hakuwa na mengi ya kusema. Saa kumi na moja alfajiri alifungulia maji kule juu akashuka nayo hadi hapa, na mfongo ulikuwa mtupu. Zamu iliyofuata ilianza saa kumi na mbili, ya mjane aitwaye Mektrida. Maji hayakumfikia. Alipanda kuyafuata, akamkuta marehemu ameyaziba.

Kwa hiyo saa ya kifo ilijulikana bila daktari. Ilikuwa kati ya kumi na moja na kumi na mbili.

Mektrida alikuwa ameketi chini, mikono imefungwa kwa kamba ya mgomba. Askari wa baraza la wenyeji walikuwa wamekwisha kumkamata. Alikutwa na jembe mkononi, na mwezi uliopita usharika mzima wa Lyamboni ulimsikia akimfokea Mzee Elimringi njiani: "Kanisa lako litakufa na wewe!"

"Alikuwa ametengwa na Meza ya Bwana," alieleza Mwinjilisti Filemon, mtu nadhifu, mwenye sauti laini. "Kwa ulevi na ugomvi. Marehemu ndiye aliyempelekea barua. Inasikitisha sana, Inspekta."

"Ninyi viongozi mlikuwa wapi saa kumi na moja?"

"Kwenye sala," alisema Mchungaji Eliezeri. Alikuwa na mkoba mnene kwapani, na macho yake yalikuwa kwenye saa ya mkononi. "Kila Alhamisi alfajiri viongozi tunakutana katika chumba cha sala nyuma ya madhabahu. Tunaomba, kisha kila mmoja anaulizwa na wenzake aliishije juma lile. Ni desturi ya wazee waliotutangulia."

"Wote mlikuwapo?"

"Mimi, mwinjilisti, na Mzee Elisaria hapa."

Mzee Elisaria, kizee mwenye kofia ya sufu, aliitikia kwa kichwa bila kuinua uso.

"Daftari la Sala hili hapa," Filemon aliongeza, akalifungua mwenyewe kwenye ukurasa wa siku hiyo. "Kila kitu kimeandikwa."

"Nitalichukua."

Filemon alisita kidogo. "Lote?"

"Polisi hatuchani kurasa."

Mchungaji alikohoa. "Inspekta, nina kamati ya jubilii saa tano, na jioni kuna jiwe la msingi. Jambo hili litachukua muda gani?"

"Mtu ameuawa, Mchungaji."

"Najua. Ndiyo maana nauliza, nipate kupanga na mazishi."

Salehe alimtazama mara moja tu, akageukia maiti.

*

Ripoti ya daktari wa serikali ilifika Ijumaa mchana. Hakukuwa na maji mapafuni. Marehemu alikufa kabla ya kutupwa mfongoni. Ndani ya jeraha palikuwa na samadi mbichi na kibanzi cha mti wa mringaringa, urefu wa ukucha. Mfukoni mwa koti palikuwa na barua iliyolowa. Wino wa maandishi ulikuwa umechujuka, lakini tarehe, muhuri na sahihi ya mchungaji vilisomeka.

Jembe la Mektrida lilikuwa mezani. Mpini wake ulikuwa wa mkaratusi, mzima, bila ufa.

Salehe aliagiza mjane aletwe kutoka mahabusu.

"Una ng'ombe, mama?"

"Ningekuwa na ng'ombe ningebeba samadi ya mtu mwingine?"

"Ya nani?"

Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, kakamavu, na macho yake hayakuwa na chozi.

"Nilimweleza askari wa baraza, hakuandika. Nilimweleza karani wako, akaniambia nijibu ninachoulizwa."

"Mimi ninaandika."

"Basi andika. Ukitengwa, hubatizi mtoto, hushiriki, na ukifa huimbiwi. Mwinjilisti Filemon anayo barua ya kukutenga na anayo ya kukurudisha kundini. Zote zina sahihi ya mchungaji. Kabla ya kukupa ya pili, unamfanyia kazi ya toba kihambani kwake. Mimi nilipangiwa madebe arobaini ya samadi, nimebakiza kumi na mawili. Tuko wanawake kumi na mmoja. Wengine wanamchumia kahawa, wengine wanakata majani ya ng'ombe wake. Sijawahi kulewa maishani mwangu."

"Ukamfokea Mzee Elimringi."

"Ndiye aliyeleta barua. Hakujua. Jumatano alikuja kwangu akasema, 'Mama, nisamehe, nilibeba nisichokisoma.' Nikampa ile barua. Aliniambia amekwenda kwa mchungaji mara tano, na mara tano ameambiwa juma lijalo. Sasa angesimama Jumapili katikati ya ibada, aseme mbele ya watu. Alhamisi angelitaja kwanza kwa wenzake kwenye sala, kama desturi inavyotaka." Alikunja kidole kwenye kanga. "Sala yenyewe iko wapi! Nikipita kwenda mfongoni namwona peke yake kila Alhamisi, ameketi kwenye kizingiti cha kile chumba, kofia mkononi, anaomba. Mlango umefungwa."

Salehe aliweka kalamu chini.

"Unajua, mama, kwamba kwa kosa hili watu hunyongwa?"

"Najua. Na mashahidi watakuwa mchungaji, mwinjilisti na mzee wa kanisa. Mimi nina nani?"

Alipoondoka, Salehe alivuta Daftari la Sala. Ukurasa wa tarehe 10 Septemba ulikuwa safi. *Mwanzo saa kumi na moja, mwisho saa kumi na mbili. Zaburi imesomwa. Wamehojiana kwa upendo. Waliohudhuria: Mchungaji Eliezeri, Mwinjilisti Filemon, Mzee Elisaria, Mzee Elimringi.* Sahihi ya mchungaji ilikuwa chini yake.

Alisoma jina la mwisho mara ya pili. Kwa mujibu wa kitabu hiki, marehemu alikuwa akihojiwa kwa upendo wakati mwili wake ukitupwa mfongoni.

Aligeuza ukurasa. *Tarehe 17 Septemba. Zaburi imesomwa. Wamehojiana kwa upendo.* Mzee Elimringi alikuwapo. Tarehe 24 Septemba alikuwapo pia. Sahihi ya mchungaji ilikuwa kwenye kurasa zote tatu.

Salehe hakuwa mtu wa kujisifu kwa swala; alfajiri nyingi zilimpita usingizini kuliko alivyopenda kukiri. Lakini hakuwahi kuziandika daftarini. Alilifunga lile daftari kwa ncha ya kidole, akaenda kunawa mikono.

*

Jumatatu asubuhi alipanda tena Lyamboni na Konstebo Eliamini. Hawakuanza kwa mtu; walianza kwa mlango.

Chumba cha sala kilikuwa na mlango mmoja, wa nje. Salehe aliinama kwenye tundu la ufunguo. Lilikuwa limezibwa kwa udongo mgumu.

"Nyigu," alisema Eliamini. "Wale wanaojenga kwa matope. Hata bunduki ya babu yangu waliiziba."

Salehe aliutoboa udongo kwa kisu kidogo, akamwaga vilivyomo juu ya karatasi nyeupe. Yalitoka mabaki makavu ya buibui, na katikati yake buu jeupe, limenona, linajikunja. Nyuma yake palikuwa na chumba kingine cha udongo, kitupu, kilichotobolewa na nyigu aliyekwisha kukua na kuruka.

"Watoto wa awamu mbili," alisema Salehe. "Hakuna ufunguo ulioingia hapa kwa majuma mengi. Kaniitie Mzee Elisaria."

Mzee alikuja akikokota miguu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, baba."

"Alhamisi mliingia chumbani kwa mlango gani?"

"Mlango... huu huu."

Salehe alimwonyesha ile karatasi. Mzee alilitazama buu kwa muda mrefu. Kisha alivua kofia yake.

"Hatujasali tangu Kwaresima," alisema. "Mchungaji ana kamati kumi na nne. Mimi niko kwenye sita, na katika mbili sijui tunazungumza nini. Tulisema tutaiahirisha sala mpaka jubilii ipite. Filemon akajitolea kuandika kitabu, wakubwa wakija kukagua wasitushangae."

"Na Alhamisi?"

"Nilikuwa nakamua ng'ombe. Mke wangu na jirani waliniona."

"Kuna mwanamke anayeweza kunyongwa kwa neno lako, Mzee."

"Nilijua ni uongo. Sikujua kuwa unamfunika mwuaji." Aliigeuza kofia mikononi. "Niliona aibu, baba. Mzee wa kanisa asiyesali ni nani?"

"Ulimwonea aibu nani? Mimi ni Mwislamu."

Mzee alirudisha kofia kichwani.

Mchungaji Eliezeri alipatikana ofisini, anaandika barua huku akimwamuru mtu mwingine apeleke viti. Salehe alifunga mlango.

"Dakika kumi, Inspekta, tafadhali."

"Tarehe 18 Agosti ulikuwa wapi?"

"Bukoba, mkutanoni. Kuanzia tarehe 15 hadi 22."

"Barua hii ya kumtenga Mektrida ina sahihi yako ya tarehe 18. Uliisaini Bukoba?"

Mchungaji aliitazama. "Huwa... namwachia Filemon karatasi zilizosainiwa. Nikisafiri, kazi ya Bwana isisimame."

"Ngapi?"

"Hamsini, labda. Siwezi kusoma kila kitu, ndugu yangu. Usharika una watu elfu tatu."

"Mzee Elimringi alikuja kwako mara tano."

"Alikuja, ndiyo. Hakusema ni nini."

"Ulimuuliza?"

Mchungaji alizipanga upya karatasi zilizokuwa mezani.

"Na Alhamisi alfajiri?"

"Nilikuwa ndani ya lori la kahawa, nashuka mjini kuchukua saruji ya jiwe la msingi." Alisema haraka, kama mtu anayepunguza hasara. "Dereva atathibitisha. Niliporudi nikakuta mambo haya, Filemon akaniambia: tuseme sala, ndivyo ilivyo kwenye kitabu. Nikaona haina madhara. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kukamatwa."

Dereva alithibitisha. Salehe aliandika maelezo yote mawili kwa mwandiko mdogo, ulionyooka. Chai aliyoletewa hakuigusa.

*

Kihamba cha Mwinjilisti Filemon kilipendeza kuliko vyote kandokando ya mfongo. Mibuni ilikuwa imepogolewa, migomba imerundikiwa samadi hadi viunoni. Kilikuwa hatua mia mbili kutoka kanisani.

"Karibuni, karibuni," alisema Filemon. "Mnapenda ndizi za kuchoma?"

"Majembe yako yako wapi?"

Alikuwa na manne. Moja lilikuwa na mpini mpya, mweupe, ambao haujapata jasho la mkono. Mipini mitatu mingine ilikuwa ya mringaringa.

"Mpini wa zamani wa hili uko wapi?"

"Ulivunjika. Niliuchoma."

Konstebo Eliamini alikwisha kuingia zizini. Alitoka na kipande cha mti kilichochomekwa ndani ya ezeko la paa, kimepasuka ncha moja, kimekauka samadi na kitu cheusi zaidi ya samadi.

"Huu haukuungua vizuri, mwinjilisti," alisema.

Salehe aliweka kibanzi cha daktari kwenye ufa. Kilikaa mahali pake. Ndani ya sanduku la nguo zilipatikana barua thelathini na moja, tupu, zenye muhuri na sahihi.

"Si lazima useme neno," Salehe alimwonya, "lakini utakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani."

Filemon aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Sauti yake ilibaki ileile ya mimbarini.

"Nilimkuta kizingitini. Nilikuwa natoka kusambaza samadi, jembe mkononi. Nikamwambia, Mzee, ninyi mna mikutano, mimi ndiye ninayelichunga kundi. Ubatizo ni mimi, mazishi ni mimi, wagonjwa ni mimi. Nani ananilimia? Hakubisha. Akasema, 'Keti hapa, tuulizane kama zamani. Sema mwenyewe, nitakwenda nawe kwa mchungaji.'"

"Alikupa nafasi ya kukiri."

"Angenivua kazi."

"Ukampiga usoni?"

"Hapana." Kwa mara ya kwanza alibabaika. "Alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anaomba."

Kalamu ya Salehe ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Na Mektrida?"

"Sikumpangia. Alitokea tu. Nilidhani wenzangu watakataa kusema habari za sala, kwa kuwa ni uongo. Hawakukataa hata mmoja." Alifuta viganja kwenye suruali. "Ningejuaje kwamba watanisaidia hivyo?"

*

Mektrida aliachiliwa Jumatatu hiyo jioni, mbele ya ofisi ya polisi mjini Moshi. Mchungaji Eliezeri na Mzee Elisaria walikuwa wameketi kwenye benchi la ukutani, wanasubiri kusomewa shitaka la kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Mzee alikuwa anatazama sakafu. Mchungaji alisimama.

"Mama Mektrida. Nimefurahi. Nitakuja kukutembelea, nikipata nafasi."

Mektrida alimtazama kuanzia viatu hadi kola.

"Siku nne nimelala kwenye saruji, Mchungaji. Uliujua ule mlango kwamba umefungwa?"

"Mama, unajua mambo yalikuwa mengi—"

"Lilikuwa moja," alisema Mektrida.

Akajifunga kanga, akashika njia ya kupanda mlimani.